Watu wa Kijiji cha Kiingereza: Walikuwa Wangapi, Walitoka Wapi?

Mwaka 1676 William Sampson, kasisi wa Clayworth, kijiji cha wakulima kaskazini mwa Nottinghamshire, alipata agizo kutoka kwa wakuu wa Kanisa lake. Alitakiwa ahesabu watu wa parokia yake na kuwagawa katika mafungu matatu: wanaofuata Kanisa la Uingereza, Wakatoliki, na wale waliojitenga na ibada rasmi. Makasisi wengi walipeleka tarakimu tatu, wakaona kazi imekwisha. Sampson alikwenda mbali zaidi. Aliandika watu kaya kwa kaya, akiwaweka baba, mama, watoto na watumishi kila mmoja mahali pake, na jumla ikawa watu 401. Mwaka 1688 akaandika orodha nyingine ya namna hiyohiyo. Safari hii walikuwa 412.

Watu 11 zaidi katika miaka 12. Kwa jumla hizo pekee, mtu angesema Clayworth ilikuwa imetulia tuli. Lakini wanahistoria Peter Laslett na John Harrison walipozilinganisha orodha hizo jina kwa jina, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1963, waliona jambo lililowashangaza wengi. Takriban watu watatu kati ya kila watano walioandikwa mwaka 1676 hawakuwemo tena kwenye orodha ya 1688. Baadhi walikuwa makaburini. Wengi zaidi walikuwa wamehama, na nafasi zao zimejazwa na waliozaliwa au kuhamia baada yao.

Clayworth inafaa kuwa mlango wa kuingilia swali ambalo limewashughulisha wachunguzi wa historia ya Uingereza kwa zaidi ya nusu karne. Picha iliyozoeleka ya kijiji cha nchi ile, kwenye riwaya na kwenye kadi za posta, ni ya ukoo mmoja kukaa kwenye ardhi moja tangu enzi za mababu, kanisa katikati na makaburi ya wazee pembeni. Nyaraka zinapinga picha hiyo karibu kila zinapofunguliwa. Ila nyaraka nazo zina mipaka yake, kwa kuwa karibu hakuna hata moja iliyoandikwa kwa nia ya kumjulisha mtu idadi ya wanakijiji. Kila mwenye kuhesabu alihesabu kile alichokihitaji: kodi, waumini, askari, maskini wa kulishwa. Anayetaka kujua nani aliishi kijijini hana budi kuanza kwa kuuliza nani alihesabu, na kwa faida ya nani.

Hesabu ya mfalme

Daftari kongwe kuliko yote la nchi nzima ni Kitabu cha Domesday. Mfalme William, aliyeiteka Uingereza mwaka 1066 akitokea Normandy, aliamuru uchunguzi huo katika Krismasi ya mwaka 1085, na kazi ikafanyika mwaka 1086. Wajumbe wake walizunguka kutafuta majibu ya maswali ya mwenye mali: nani anamiliki ardhi hii, aliimiliki nani kabla yake, plau ngapi, vinu vingapi, inaleta pauni ngapi kwa mwaka. Zaidi ya sehemu 13,000 zimetajwa. Vijiji vingi vya Uingereza vinahesabu kutajwa humo kuwa cheti chao cha kuzaliwa, ingawa vilikuwepo muda mrefu kabla yake.

Watu wamo, lakini wamo kama sehemu ya mali. Kitabu kinaorodhesha takriban watu 269,000, wengi wao wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya kabaila na kumlipa kwa kazi, pamoja na wenye vibanda na vishamba vidogo. Mmoja kati ya kila kumi hivi ni mtumwa. Wake na watoto hawakuandikwa, isipokuwa mjane mmoja mmoja aliyemiliki ardhi. Kwa hiyo mtaalamu anayekuta wanaume 20 kwenye ingizo la kijiji huchukulia kwamba hao ni wakuu wa kaya, akazidisha kwa nne na nusu au tano, akapata watu kama 90 au 100. Kuhusu watumwa hali ni ngumu zaidi, maana wachunguzi hawajakubaliana kama waliandikwa mtu mmoja mmoja au kwa kaya. Na miji mikubwa ya London na Winchester haimo, wala sehemu kubwa ya kaskazini ya mbali. Ndiyo maana makadirio ya watu wa Uingereza nzima mwaka huo yanapishana, kuanzia milioni moja na nusu hadi milioni mbili na zaidi.

Baada ya hapo ilibidi kusubiri karibu miaka 300 kabla ya hesabu nyingine ya nchi nzima kufanyika, nayo pia ilikuwa ya kutafuta fedha. Mwaka 1377 ilitozwa kodi ya kichwa, peni 4 kwa kila mtu mwenye umri wa zaidi ya miaka 14, wakiachwa ombaomba. Walipa kodi wapatao milioni 1.36 waliandikwa. Mwaka 1381 kodi ilipandishwa hadi shilingi moja, yaani mara tatu, na ghafla karibu theluthi moja ya walipa kodi ikatoweka kwenye madaftari. Katika vijiji vingi waliokosekana zaidi walikuwa wanawake wasio na waume: mabinti, dada na mama wajane. Bila shaka hawakuwa wamekufa wala kuhama wote kwa pamoja, walifichwa. Serikali ilipotuma watu wa kuwasaka, wanakijiji wa Fobbing na majirani zao huko Essex walikataa kuhojiwa mjini Brentwood, na cheche hiyo ndiyo iliyowasha Uasi wa Wakulima wa mwaka huo.

Tauni, kondoo na vijiji vilivyokufa

Kati ya Domesday na kodi ya kichwa idadi ya watu ilipanda sana kisha ikaporomoka. Tauni ilitua katika pwani ya Dorset mwaka 1348, na katika muda wa miezi 18 hivi ilikuwa imepita nchi nzima. Makadirio ya kawaida ni kwamba iliua kati ya theluthi na nusu ya watu. Huko Halesowen, karibu na Birmingham ya leo, Zvi Razi alisoma kumbukumbu za mahakama ya kabaila, ambazo ziliandika kila shamba lililopita kutoka mikono ya marehemu kwenda kwa mrithi. Akakadiria kwamba zaidi ya asilimia 40 ya wanaume wazima walikufa katika wimbi lile la kwanza.

Wengi huamini kwamba vijiji vilivyotoweka vilifutwa na tauni. Wanaakiolojia wamehesabu vijiji vilivyohamwa kwa maelfu, na kinachofahamika zaidi ni Wharram Percy, kwenye vilima vya Yorkshire, ambako Maurice Beresford na John Hurst waliongoza uchimbaji wa kila kiangazi kuanzia mwaka 1950 hadi 1990. Kazi yao ilionyesha simulizi tofauti. Kijiji kilipunguka baada ya tauni lakini hakikufa. Kaya chache za mwisho ziliondolewa karibu na mwaka 1500, wakati mwenye ardhi alipoona sufu ina faida kuliko ngano. Mchungaji mmoja na mbwa wake waliweza kufanya kazi kwenye ardhi iliyokuwa ikizilisha kaya nyingi. Tauni ilikidhoofisha kijiji, na soko la sufu ndilo lililokimaliza.

Wharram Percy imetoa pia kile ambacho daftari la kodi haliwezi kutoa, yaani miili ya wanakijiji wenyewe. Mifupa ya watu karibu 700 ilifukuliwa kanisani na kwenye uwanja wa kanisa hilo. Vipimo vya kemikali kwenye mifupa ya watoto vimeonyesha kwamba walinyonyeshwa hadi karibu na umri wa miaka miwili. Hakuna karani wa mfalme aliyewahi kuuliza hilo.

Daftari la kanisa

Mapinduzi makubwa ya kumbukumbu yalikuja mwaka 1538. Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha ubatizo, ndoa na mazishi. Uvumi ukaenea hapohapo kwamba ni hila ya kuanzisha kodi mpya. Safari hii wananchi walikosea, japo si kabisa: kati ya mwaka 1783 na 1794 serikali ilitoza peni 3 kwa kila ingizo isipokuwa la maskini, na katika baadhi ya parokia idadi ya wanaojiita maskini ikapanda haraka.

Kwa mara ya kwanza wanawake, watoto wachanga na vibarua waliingia kwenye maandishi kwa majina yao. Mwaka 1964 Laslett na mwenzake Tony Wrigley walianzisha kikundi cha utafiti mjini Cambridge, wakatafuta wasomaji wa madaftari hayo kila pembe ya nchi. Watu wa kujitolea, wengi wao si wanahistoria kwa kazi, walihesabu ubatizo na mazishi mwezi kwa mwezi. Kutokana na parokia 404, Wrigley na Roger Schofield walichapisha mwaka 1981 historia ya idadi ya watu wa Uingereza kuanzia 1541 hadi 1871. Walionyesha nchi ikitoka kwenye watu chini ya milioni 3 katikati ya karne ya 16, ikizidi milioni 5 katikati ya karne ya 17, kisha ikadumaa kwa miongo kadhaa kabla ya kupaa.

Kwa nini ilidumaa? Jibu moja lilipatikana Colyton, parokia ya Devon, ambako Wrigley aliunganisha maingizo ya ubatizo, ndoa na mazishi ili kuzijenga upya familia moja baada ya nyingine. Tauni ya mwaka 1645 na 1646 iliiumiza vibaya Colyton. Baada yake, mwanamke wa hapo aliolewa mara ya kwanza akiwa na wastani wa karibu miaka 30, wakati kabla ya tauni alikuwa na miaka 27. Aliyeolewa akiwa na miaka 30 alikuwa tayari amepoteza sehemu kubwa ya miaka yake ya uzazi. Idadi ya watu iliongozwa na harusi sawa na ilivyoongozwa na kifo, na vijana walichelewa kuoana kwa sababu desturi ilidai kila wanandoa wawe na nyumba yao wenyewe. Ndiyo maana kaya zilikuwa ndogo. Laslett alipokusanya orodha za jumuiya 100 za kati ya 1574 na 1821 alipata wastani wa watu 4.75 kwa kaya, watumishi wakiwemo. Ile familia kubwa ya babu, wana, wakwe na wajukuu chini ya paa moja, ambayo wengi waliidhania kuwa ndiyo Uingereza ya zamani, haikuwa ya kawaida.

Watumishi hao ndio wanaofafanua hesabu ya Clayworth. Kijana wa kijijini aliondoka kwao akiwa bado mdogo, akaajiriwa kwa mwaka mmoja kwenye shamba la mwingine, akala na kulala humo, na mwaka ulipokwisha akatafuta tajiri mwingine kijiji cha pili. Ann Kussmaul amekadiria kwamba takriban asilimia 60 ya vijana wenye umri kati ya miaka 15 na 24 waliishi maisha hayo. Kijiji kilibadilishana vijana na majirani zake kila mwaka.

Hata hivyo kitabu cha kanisa nacho kina mapengo. Wabaptisti hawakubatiza watoto wachanga, kwa hiyo watoto wao hawamo. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya miaka ya 1640 makasisi walifukuzwa na vitabu vikaachwa wazi. Na daftari linaandika matukio tu. Aliyehamia kijijini, akaishi humo miaka kumi bila kuoa, kuzaa wala kufa, kisha akaondoka, hakuacha alama yoyote.

Wafu 260, lakini kati ya wangapi?

Tatizo hilo linaonekana vizuri Eyam, kijiji cha Derbyshire kinachotajwa kila panapozungumzwa magonjwa ya mlipuko. Tauni iliingia humo mwezi Septemba 1665, kwa kitambaa kilichotoka London kama masimulizi yanavyosema. Kasisi William Mompesson na mtangulizi wake Thomas Stanley waliwashawishi watu wajifungie ili wasiwaambukize majirani. Ndani ya miezi 14 walikufa watu wapatao 260. Kwa vizazi vingi ilisimuliwa kwamba kijiji kilikuwa na watu 350 tu, maana yake watatu kati ya kila wanne waliangamia.

Idadi ya wafu ilitoka kwenye daftari la mazishi. Ile ya walio hai haikuwa na msingi imara kiasi hicho. Serikali ya Charles II ilikuwa ikitoza kodi ya meko, shilingi 2 kwa mwaka kwa kila meko ndani ya nyumba, na madaftari ya kodi hiyo yanaonyesha Eyam yenye nyumba nyingi kuliko simulizi lilivyodai. Watafiti wawili walioiandikia makala mwaka 2016, Lilith Whittles na Xavier Didelot, walifanya hesabu zao kwa msingi wa watu wapatao 700. Wafu ni walewale, lakini sasa ni zaidi kidogo ya theluthi ya kijiji. Msiba haupungui kwa aliyefiwa, ila maana yake kwa anayechunguza mwenendo wa ugonjwa inabadilika kabisa.

Nani hasa walikuwa wa kwanza?

Swali la wakazi wa mwanzo limechukua sura mpya tangu vinasaba vianze kusomwa kwenye mifupa ya kale. Mwaka 1903 mifupa ya mtu aliyeishi yapata miaka 10,000 iliyopita ilipatikana pangoni Cheddar, kijiji cha Somerset kinachojulikana kwa jibini. Mwaka 1997 vipimo vilionyesha kwamba mwalimu mmoja aliyekuwa akiishi eneo hilohilo alikuwa na ukoo wa upande wa mama unaofanana na wa mtu wa pangoni, na magazeti yakashangilia familia iliyodumu mahali pamoja tangu zama za mawe. Wataalamu walikuwa na tahadhari zaidi, kwani ukoo huo wa mama wanao watu wengi sana wa Ulaya. Uchambuzi uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mtu wa Cheddar huenda alikuwa na ngozi nyeusi na macho ya buluu, na kwamba kizazi chake kilifunikwa baadaye na wakulima waliotoka bara, ambao nao walifunikwa na wahamiaji wengine takriban miaka 4,500 iliyopita.

Wimbi jingine kubwa lilikuja baada ya utawala wa Warumi kuanguka. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2022 uligundua kwamba watu waliozikwa mashariki mwa Uingereza mwanzoni mwa zama za kati walikuwa na wastani wa asilimia 76 ya asili yao kutoka kaskazini mwa bara la Ulaya. Vijiji vyao ndivyo hivyo vinavyoitwa vya Waanglo-Saksoni, kama West Stow huko Suffolk, kilichochimbwa katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ya 1970, na ambacho nyumba zake zimejengwa upya kwa kufuata mashimo ya nguzo.

Kwa msomaji wa Afrika, habari ya kuvutia zaidi ilitoka mwaka 2025. Makala za jarida la Antiquity zilieleza makaburi mawili ya karne ya 7: binti mdogo aliyezikwa Updown, karibu na kijiji cha Eastry huko Kent, na kijana wa kiume wa Worth Matravers huko Dorset. Kila mmoja, kwa kadiri vinasaba vinavyoonyesha, alikuwa na babu au bibi mwenye asili ya Afrika Magharibi. Walizikwa pamoja na watu wao na kwa heshima ileile, hakuna kinachoonyesha kwamba walitengwa. Miaka elfu moja hivi baadaye, mwaka 1625, nyaraka za mirathi zinamtaja Cattelena, mwanamke Mwafrika aliyeishi kijijini Almondsbury, Gloucestershire. Mali yake ya thamani kuliko zote ilikuwa ng'ombe mmoja. Mwanahistoria Miranda Kaufmann, aliyemweleza kwenye kitabu chake cha mwaka 2017, anamtaja kama mtu huru aliyejitegemea.

Sensa na baada yake

Sensa ya kwanza ya kitaifa ilifanyika tarehe 10 Machi 1801, wakati nchi ikiwa vitani na Ufaransa na hofu ya njaa ikiwa imetanda. England na Wales zilikuwa na watu milioni 8.9. Waliohesabu kijijini walikuwa wasimamizi wa maskini, na kilichotakiwa London kilikuwa jumla tu. Majina ya watu wote yalianza kuandikwa mwaka 1841, tena umri wa watu wazima ukipunguzwa hadi kigawe cha tano kilicho chini yake, hivyo mwenye miaka 39 aliandikwa 35. Mwaka 1851 ndipo kila mmoja alipotajwa umri wake kamili, uhusiano wake na mkuu wa kaya na parokia aliyozaliwa.

Swali la parokia lilikuwa na uzito wake. Tangu sheria ya mwaka 1662, maskini aliweza kurudishwa kwa nguvu kwenye parokia iliyowajibika kumlisha. Kutumikia mwaka mzima kulimpa kibarua haki ya kuhesabiwa mwenyeji, kwa hiyo baadhi ya wakulima waliajiri kwa wiki 51 tu. Makabaila wengine walikataa kujenga nyumba za vibarua kwenye ardhi yao, hata wakabomoa zilizokuwepo, ili maskini waangukie kijiji cha jirani. Ndiyo sababu vijiji viwili vilivyopakana, vyenye udongo na mvua sawa, vinaweza kuonyesha idadi za watu zinazotofautiana vibaya kwenye sensa ya karne ya 19.

Sensa hiyohiyo ya 1851 ilionyesha kwa mara ya kwanza watu wa mijini wakiwazidi wa mashambani. Vijiji vingi vya kilimo vilifikia kilele chao karibu na wakati huo, kisha vikaanza kupungua: mashine za kupura nafaka, ngano ya bei nafuu kutoka Amerika na ajira za viwandani zilivuta au kusukuma vijana nje. Ernst Georg Ravenstein, aliyetumia takwimu za mahali pa kuzaliwa kuandika kanuni zake za uhamaji mwaka 1885, aliona kwamba wengi hawakwenda mbali. Walihamia mji wa karibu, na nafasi zao zikachukuliwa na waliotoka mbali zaidi kidogo.

Kwa wanaofuatilia kijiji kimoja leo, ngazi ya sensa inakatika mahali pa ajabu. Majina hufungwa kwa miaka 100, na ya mwaka 1921 yalifunguliwa Januari 2022. Ya mwaka 1931 ya England na Wales yaliteketea kwa moto ghalani mwaka 1942, na mwaka 1941 hakukuwa na sensa kwa sababu ya vita. Pengo hilo linazibwa na daftari la tarehe 29 Septemba 1939, lililoandikwa ili kugawa vitambulisho na kuandaa mgawo wa chakula. Askari waliokwisha kuingia kambini hawamo, wakati watoto waliohamishwa kutoka London kukwepa mabomu wameandikwa kwenye kijiji chochote walicholala usiku ule. Sensa iliyofuata, ya mwaka 1951, haitafunguliwa kabla ya mwaka 2052.